Macho Niliyomwazima Babu

Walisema sitamaliza kidato cha nne. Nikamaliza. Wakasema stashahada ni ya watoto wa Kizingo, wanaopelekwa chuoni kwa gari na kurudishwa kwa gari. Nikaipata, ya ufundi wa mitambo ya baridi, kwa kubeba mizigo asubuhi na kusoma jioni. Wakasema huko Doha nitarudishwa kabla viatu havijachakaa. Nilikaa miaka kumi na moja, na niliporudi sikurudi na sanduku la manukato na mablanketi kama wengine. Nilirudi na vyombo vyangu vya kazi, nikafungua duka, na leo nina vijana watano wanaoniita bosi. Cheti changu kiko ukutani nyuma ya kaunta, na mteja asiyekiona namwonyesha. Sioni haya kusema haya. Sikuachiwa kitu na mtu, kwa hiyo sifa nazo nazichukua zote.

Lakini liko jambo moja ambalo wale walionibeza hawakulitaja, kwa sababu hawakulijua, na mimi mwenyewe nililikimbia hadi Ghuba na kurudi. Mwaka jana tuliitwa kutengeneza kiyoyozi katika fleti moja ya zamani Bondeni. Mashine yenyewe ilikuwa juu ya paa. Vijana wangu walikuwa wamechoka, nikapanda mwenyewe kuwaonyesha kazi. Nilipousukuma mlango wa chuma nilipokewa na harufu ya saruji iliyopigwa jua mchana kutwa, maji ya tangi linalovuja, na sabuni ya nguo zilizoanikwa. Nikasimama na bisibisi mkononi. Kijana mmoja akaniuliza, "Bosi, umesahau nini?" Nikamwambia sijasahau. Na kweli sikuwa nimesahau. Lile lilikuwa paa lenyewe.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka mitaa yetu ya Mji wa Kale ilivyokuwa. Ulikuwa huwezi kupita na mfuko wa samaki bila watu watatu kukuuliza ni samaki gani na umenunua kwa nani. Baba yangu alikuwa baharini melini, mama alikuwa kwao Lamu akimuuguza bibi, nami nililelewa na Babu mzaa baba. Alikuwa fundi wa kofia za vito, zile za matundu yanayoshonwa kwa mkono, na alikuwa na kazi nyingine isiyo na malipo ila heshima: ndiye aliyeutazama mwezi wa Idd. Kila ifikapo jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, wazee walimfuata yeye. Akisema ameuona, kesho Idd. Akisema hakuuona, tunafunga siku ya thelathini, na hakuna aliyembishia, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kusema ameona kitu ambacho hakukiona.

Nilichokuwa nikikijua mimi peke yangu ni kwamba Babu haoni. Katika mwaka mmoja tu mboni zake zilikuwa zimeingia ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani nilimtungia nyuzi sindano kumi, nikazichoma kwenye mto mdogo upande wake wa kulia, naye akashona kutwa kwa kupapasa matundu ya kofia kwa ncha za vidole. Watu waliopita walimsifu: "Mashallah, mzee, umri huu na mato bado makali!" Babu alitabasamu na kuniambia nichukue kikombe cha kahawa kilichokwisha. Ilikuwa siri yetu wawili, na nilijiona mtu mkubwa kwa kuibeba.

Kwenye baraza ya nyumba yetu mazungumzo siku hizo yalikuwa ya namna moja. Kazi za bandarini zinatolewa Nairobi. Hati za ardhi ziko Nairobi. Ukitaka karatasi ya kuzaliwa unaulizwa babu wa babu yako alizaliwa wapi, na anayekuuliza mwenyewe amefika juzi. Mengi ya hayo yalikuwa kweli, na hata leo sitayakanusha, kwa sababu nimepanga foleni hizo kwa miguu yangu. Ila kulikuwa na lingine lililozungumzwa kwa sauti ya chini zaidi: kwamba fleti mpya za Bondeni na Tononoka zimejaa wabara, kwamba duka fulani sasa linauza kitu fulani, kwamba baada ya miaka kumi hatutamjua mtu. Tulikuwa wengi mno, wao walikuwa nyumba mbili tatu, lakini sisi ndio tuliokuwa tukiwahesabu.

Aliyesema kwa ukali kuliko wote alikuwa Ami Sefu, ndugu mdogo wa baba yangu, mwenye duka la vitambaa. Mwaka ule jambo lililomkera zaidi lilikuwa mwezi. Tangazo la Idd lilikuwa likingojwa redioni kutoka Nairobi, na misikiti kadhaa ya mjini ilikuwa imeanza kulifuata. Ami Sefu akapiga goti kwa kiganja. "Wametwaa bandari, wametwaa ardhi, na sasa wautaka na mwezi!"

Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilimwelewa alivyosema. Nilidhani kweli wanautaka mwezi. Nilijenga kichwani mwangu ofisi kubwa ya Nairobi, yenye baridi, yenye mzee wa tai nyuma ya meza na kabati refu nyuma yake, na katika kabati miezi imepangwa kama sahani za bibi, kuanzia mwembamba hadi mpevu. Nilidhani atakayeuona kwanza ndiye atakayekuwa nao. Wakiuona wao kwanza, utakuwa wao mwaka mzima, na sisi tutaazimwa tu.

Zamani Babu aliutazama mwezi kutoka juu ya nyumba yetu. Mwaka ule haikuwezekana. Upande wa magharibi, palipokuwa wazi, fleti tano zilikuwa zimesimama bega kwa bega, na jua lilitua nyuma ya nguo za watu. Ilibidi twende kwenye fleti zenyewe. Ufunguo wa paa alikuwa nao mpangaji wa ghorofa ya juu, Bwana Mutua, Mkamba, karani wa bandarini, Mkristo. Jioni ya ishirini na tisa tulipanda ngazi zake: Babu, mimi, Ami Sefu, na wazee wanne wa msikitini.

"Yaani twaomba ruhusa ya kuona mwezi wetu," alisema Ami Sefu kwenye ngazi, kwa sauti ya kusikika.

"Nyamaza, Sefu," Babu akajibu. "Mwenye ufunguo ni yeye."

Bwana Mutua alitufungulia akiwa na singlendi, taulo begani. "Karibuni, wazee. Ni ule mwezi?"

"Ni ule mwezi, bwana. Masalkheri."

"Basi ngojeni nitoe nguo za mama watoto. Isije sidiria ikawazibia Idd."

Babu alicheka hadi akakohoa. Ami Sefu hakucheka. Bwana Mutua akaanua nguo zake, akajaza vibanio mfukoni, kisha badala ya kushuka akabaki kusimama nasi, mikono nyuma, akitazama tulikotazama. Nadhani alitaka tu kuona linafanywaje.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya Tononoka. Mbingu ilikuwa na rangi ya ganda la kitunguu. Babu aliniweka mbele yake, akanishika bega. "Anzia palipotua jua," alininong'oneza. "Kisha panda. Kisha nenda kushoto, vidole viwili. Usikodoe, utazame kama unayepita."

Nilitazama kama ninayepita. Hakukuwa na kitu. Nilitazama tena. Nyuma yetu Ami Sefu alikuwa akisema kwamba redio itatangaza karibuni, kwamba wakisema haukuonekana basi ndiyo imekwisha, mwakani hakuna atakayejisumbua kupanda hata ngazi. Nikaona kabati likifunguliwa. Nikaona mzee wa tai akinyoosha mkono.

"Wauona, baba?" Babu akaniuliza sikioni.

Palikuwa na weupe, juu kidogo ya tangi la fleti ya mbele. Haukuwa na umbo. Huenda ulikuwa wingu, huenda ulikuwa machozi ya kutokupepesa. Mimi ndiye niliyeupa umbo.

"Nauona, Babu."

"Wapi?" Ami Sefu aliruka. "Wapi?"

"Pale, juu ya tangi. Mwembamba."

Alikunja uso, akainamisha kichwa huku na huku, kisha uso wake ukafunguka wote. "Naam! Naam, ule pale! Allahu akbar!" Wazee wawili wengine wakasema huenda nao wanauona. Mmoja akasema ameuona, lakini umeshafichwa na wingu.

"Mimi sioni, wazee," alisema Bwana Mutua kwa upole. "Na macho haya ndiyo yanayosoma nambari za makontena kutoka ng'ambo ya gati."

Ami Sefu akamgeukia. "Nani kakuuliza wewe? Wewe mwezi wako uko Nairobi!"

Bwana Mutua alitia mkono mfukoni, nikasikia vibanio vikigongana. Kisha Babu akaniinamia mara ya pili, na mara hii hakuuliza kwa haraka. "Wauona kweli, baba?"

Nilijua jibu. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba nilikuwa mtoto asiyejua. Nilijua, lakini nilifikiri nikisema siuoni nitakuwa nimefungua mlango wa ile ofisi na kuwakabidhi. "Nauona kweli."

Kuthibitisha mwezi wa Idd hutakiwa mashahidi wawili waadilifu, na mtoto hahesabiwi. Msikitini alitoa ushahidi Babu, kwa jina lake mwenyewe, kisha akafuatia Ami Sefu. Imamu hakuwa na sababu ya kumkataa mtu aliyemwamini miaka yote. Redio ilipotangaza kwamba mwezi haukuonekana na kesho ni kufunga, mtaa wetu ulikuwa umeshaanza takbira, na nadhani tulizisoma kwa sauti kubwa kuliko mwaka wowote, ili zifike bara.

Kesho yake tulikuwa na Idd. Nilivaa kanzu mpya, nikala biriani nyumba nne, nikapelekwa kwenye pembea za Makadara. Mitaa jirani watu walikuwa wamefunga, wakitutazama tunavyotafuna. Ami Sefu alisimama mlangoni pa duka lake na kahawa mkononi, akiinua kikombe kwa kila aliyepita.

Jioni ile mwezi ukaonekana. Kama ushahidi wetu ulikuwa kweli, ulipaswa kuwa wa siku ya pili, juu, mnene kidogo, ukae hadi karibu na isha. Nilikuwa na Babu barabarani, palipo na uwazi, mtu mmoja alipoonyesha kidole. Ulikuwa uzi. Ulikuwa chini kabisa, na kabla hatujafika msikitini ulikuwa umeshazama. Mtoto yeyote wa pwani angejua ule ulikuwa mwezi wa siku ya kwanza.

"Ukoje?" Babu aliniuliza.

Nilishindwa kusema. Akangoja. Kisha akasema, "Basi," akatangulia kwa bakora yake.

Baada ya sala alisimama mbele ya watu. Nilikuwa safu ya nyuma na nilitamani zulia linifunike. "Nilishuhudia nisichokiona," alisema. "Mato yangu hayaoni, na nimewaficha. Kila aliyekula mchana wa yeo kwa neno langu ana siku moja ya kulipa. Nisameheni." Hakunitaja. Hakugeuza hata uso kuelekea niliko.

Kama ingeishia hapo, kila mtu angefunga siku yake moja na mambo yakapoa. Lakini Ami Sefu naye alisimama. Alisema mzee amechoka, yeye aliuona kwa macho yake, na atakayelipa siku ile atakuwa amekiri kwamba mbara anaujua mwezi kuliko sisi. Hapo ndipo mtaa ulipokatika vipande viwili. Nusu ya watu walilipa. Nusu waliapa hawalipi. Ndugu waliacha kusalimiana. Baba na mwana walikaa baraza mbalimbali. Nimefikiri sana juu ya hili katika vyumba vya Doha, tukiwa tumelala wanane, kila mmoja na redio ya kwao. Wale watu hawakuwa wakitetea mwezi. Walikuwa wameona mengi yakiamuliwa mbali bila wao kuulizwa, na walipopata jambo moja la kusema hapana, wakalisema hapo hapo, na walipojua wamekosea ilikuwa tabu kulirudisha. Nairobi ilisema kweli siku ile. Hilo ndilo lililowauma zaidi.

Nilingoja kupigwa. Sikupigwa. Asubuhi moja, nikitunga sindano, nilijikaza nikasema, "Babu, siku ile..." Akaniuliza, "Uzi umeingia?" Nikasema umeingia. "Basi nenda chuoni." Tangu hapo hakunichukua tena kutazama mwezi. Kila jioni ya ishirini na tisa alishika bakora yake, akasema anakwenda kuswali msikiti mwingine. Nyumbani tulielewa kwamba anaona haya kukaa mbele ya watu siku hiyo. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na mimi nilikuwa bado na neno lile kinywani.

Kwa hiyo mwaka jana, siku ile ya kiyoyozi, nilishuka kutoka kwenye paa na kwenda moja kwa moja kwa sheikh. Nilimweleza yote. Akaniambia nilikuwa mtoto, sidaiwi chochote. Nikamwambia mimi ni mtu wa kulipa, amuulize yeyote sokoni. Akacheka, akanieleza kwamba aliyekufa na saumu juu yake anaweza kufungiwa na jamaa yake, au na mtu mwingine kwa idhini ya jamaa.

Nilitafuta majina. Waliokataa kulipa na wakafa hivyo walikuwa tisa, pamoja na Ami Sefu. Kupata idhini ilibidi nigonge milango minane mbali na wa kwetu, na kila mlango nieleze kwa nini. Katika maisha yangu nimetetea mtihani wangu mbele ya wakaguzi watatu wasiocheka, nimemdai mshahara tajiri wa Kiarabu uso kwa uso. Milango ile ilinishinda. Mara ya kwanza nilipita mbele ya nyumba mara nne nikijifanya napokea simu.

Mwanamke mmoja, mjane, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akajipiga paja. "Kwa hivyo mume wangu kagombana na kakake miaka sita kwa mwezi wa kitoto?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Wee! Na ungalisema mapema, nami ningalikuwa na shemeji wa kunichukulia magunia ya sokoni." Alicheka, akalia, akaniambia nifunge. Wengine hawakucheka. Mmoja alinifungia mlango, akamtuma binti yake siku ya tatu kuniambia baba yake amekubali.

Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, jina moja kila siku, na kazi dukani haikusimama. Ami Sefu nilimweka wa mwisho. Alikuwa damu yangu, sikuhitaji idhini ya mtu, lakini nilikwenda kwa mkewe hata hivyo. "Alijua," alisema Bi Rukia. "Usidhani alikuwa hajui. Ila kila akitaka kulipa akisikia redio, akighadhibika upya."

Alasiri ya siku ya tisa, nikimfungia Ami Sefu, nilikwenda Tononoka, nilikoambiwa amehamia, kumtafuta Bwana Mutua. Amestaafu, hakurudi kwao, na wajukuu zake wanacheza mpira wakitukanana kwa lafudhi yetu kabisa. Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia kwamba siku ile alisema kweli na mimi nilisema uongo, na kwamba alitukanwa kwa ajili yangu.

"Wewe ndiye yule mdogo," alisema. "Babu yako hakuwahi kuniambia umekuwa fundi. Lakini ulikuwa bado shule, kweli."

"Akuambie lini?"

"Si alikuwa anakuja? Kila mwaka, siku ile ya mwezi. Anapanda ngazi zote na bakora yake, peke yake. Ananiambia, 'Bwana Mutua, nitazamie.' Namtazamia."

Aliendelea kama anayesimulia habari za jirani tu.

"Mara ya kwanza nilimwambia, 'Mzee, leo haupo.' Akacheka! Akanishika mkono, akasema ahsante. Mwaka mwingine upo, namwambia upo, umelalia upande gani. Anashukuru, anashuka. Aliniambia ushahidi wangu haufai kwenu, na yeye hatamwambia mtu. Alitaka kujua tu."

"Alinitaja?"

Bwana Mutua alifikiri. "Mara moja. Alisema, 'Yule mtoto nilimuuliza kama mtu anayeomba. Mtoto gani atamnyima babu yake?'"

Nilitazama miguu yangu. Mkewe alitoka na chai, nikamwambia nimefunga. Hawakuuliza zaidi. Akairudisha jikoni, na mumewe naye akakataa kunywa, tukakaa wote watatu na midomo mikavu hadi mjukuu mmoja alipopita mbio na mpira kwapani akisema, "Babu, waadhini huko!"

Waliniletea tende na maji. Niliomba dua, nikala tende moja, na Ami Sefu na wenzake wanane wakawa wamelipiwa, siku kwa siku. Bwana Mutua aliniuliza kama ni vigumu kufunga kwa ajili ya mtu mwingine. Nikamwambia saumu si ngumu, kilichonipa tabu ni kugonga milango. Akatikisa kichwa, akanisogezea sahani, akanijazia chai.